Kiota Kilicho Chini

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyosomwa redioni)

  Kama unayo Biblia karibu, fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Na kama maziwa yako yako motoni, usiyaache yamwagike kwa ajili yangu. Sikiliza tu, nitakueleza yaliyomo.

Katika mistari hiyo Musa anawapa Waisraeli amri ambayo haihubiriwi mara nyingi. Yahusu kiota cha ndege. Mtu yuko njiani, akutana na kiota, pengine mtini, pengine chini ardhini. Ndani yake mna mayai au makinda, na mama yao amelala juu yao. Musa asema, makinda mtu aweza kuyatwaa, lakini mama asimtwae pamoja nao. Sharti amwache mama aende zake. Kisha yaongezwa ahadi, ya kwamba mtu atakayefanya hivyo atafanikiwa na siku zake zitakuwa nyingi.

Ndugu zangu, tazameni mambo matatu katika amri hii fupi.

La kwanza ni ruhusa. Mungu hamkatazi mwenye njaa kula. Msafiri yule ana tumbo kama sisi, na nyumbani ana watoto kama sisi. Mungu alijua hayo, naye akamwambia, Twaa.

La pili ni mpaka. Mama yule ndiye kiota cha mwakani. Mtu akiyatwaa makinda na kumwacha mama, mwaka ujao patakuwa na mayai tena mahali pale. Lakini akimtwaa na mama, amekula cha mwaka huu na cha miaka yote ijayo kwa siku moja. Basi Mungu asema, Twaa, lakini usimalize.

La tatu ni ahadi yenyewe. Ahadi ya siku nyingi twaijua mahali pengine. Imo katika zile Amri Kumi, katika amri ya kuwaheshimu baba na mama, Kutoka sura ya 20. Je, si ajabu? Amri kubwa ya wazazi na amri ndogo ya kiota cha ndege zimepewa ahadi moja. Tena ukisoma mstari wa 8 unaofuata, utaona Musa akiagiza mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka akafa. Mbele za Mungu maisha ya ndege na maisha ya jirani yameandikwa katika ukurasa mmoja.

Leo nataka tuichukue amri hii tuilete katika nchi yetu wenyewe. Nataka tumtazame ndege mmoja wa nyanda hizi za juu ambaye kiota chake ki chini sikuzote, wala hakijengi mtini kamwe.

Ndege huyu ni mdogo. Ukubwa wake wazidi kidogo ule wa shomoro. Mgongo wake ni wa rangi ya majani makavu, wenye michirizi ya hudhurungi na nyeusi, hata akiinama huwezi kumtambua. Lakini akigeuka kukutazama, koo na kifua na tumbo lake ni manjano safi, na pembeni mwa kifua mna michirizi myeusi. Akiruka, utaona weupe pande mbili za mkia. Haruki mbali. Hupita chini chini juu ya nyasi, kisha hutua tena na kutembea kwa miguu akitafuta mende, panzi na wadudu wengine. Na katika mguu, kile kidole cha nyuma kina ukucha mrefu ajabu. Wataalamu husema ukucha huo humsaidia kukanyaga juu ya majani bila kuzama. Kwa hiyo na tumwite kwa jina jepesi, kucha-ndefu.

Nyumba yake ni nyasi fupi za nyanda za baridi, zile ziotazo kwa mashungi, shungi hapa na shungi pale. Mwanakijiji ayajua mashungi hayo vizuri, maana hujikwaa nayo akitafuta ndama aliyepotea. Katika shungi, karibu kabisa na ardhi, kucha-ndefu huweka kiota chake. Hataki msitu, wala hataki shamba lililolimwa.

Na sasa lisikieni neno hili, ndugu zangu. Ndege huyu hapatikani Tanzania, wala Uganda, wala Ethiopia, wala mahali pengine po pote chini ya jua. Yupo Kenya peke yake, na katika Kenya yupo katika nyanda chache za juu tu. Kubwa kuliko zote ni Kinangop. Nyingine ni nyasi za Mau Narok na Molo. Sisi wa Dundori tumesimama katikati: Kinangop iko kusini-mashariki yetu, na Molo na Mau Narok ziko ng'ambo ya pili ya bonde, upande wa magharibi na kusini-magharibi. Watu wamesafiri kutoka Ulaya na Marekani ili wawaone heroe wa ziwa Nakuru, wale ambao wengi wetu huwaita flamingo. Heroe wako katika nchi nyingi. Lakini huyu mdogo wa manjano, ambaye hatujui hata kumtaja kwa jina, Mungu amemweka mikononi mwa Wakenya peke yao, na hasa mikononi mwa wakulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa.

Mtaniuliza, Mchungaji, huyu ni wa ukoo gani? Swali hilo ni jema, kwa maana jibu lake lina fundisho.

Wengi wenu mnamjua yule ndege mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Huyo ni wa ukoo mmoja na kucha-ndefu. Mwaka wa 1904 kucha-ndefu wetu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu ya ndege. Aliyemwandika ni Frederick Jackson, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye mwaka 1911 alikuja kuwa gavana wa Uganda. Akampa jina kwa heshima ya Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho huko London. Bila shaka wachunga ng'ombe wa nyanda hizi walikuwa wakimwona miguuni pao muda mrefu kabla ya hapo. Lakini ndivyo ilivyo hata leo, mtu mdogo akikijua kitu hakiandikwi, mpaka mkubwa apite.

Wataalamu wakamweka katika jamii waliyoiita Macronyx. Sisi tuliofundishwa Kiyunani katika chuo cha theolojia twalifahamu neno hilo mara moja: makros ni refu, na onyx ni ukucha. Jamii hiyo ilihesabiwa kuwa na ndege 8, wote wa Afrika. Yuko mwenye koo la manjano na mkufu mweusi, tunayemwona Maasai Mara na katika mbuga ya Nairobi. Yuko mwenye koo jekundu kama waridi. Yuko wa nchi kavu za mashariki, aliyepewa jina la Pangani ya Tanzania. Yuko wa Ethiopia peke yake. Yuko wa kusini mwa Tanzania hadi Angola. Yuko wa Afrika Kusini mwenye koo la rangi ya chungwa. Yuko wa Angola, Kongo na Zambia, aliyeandikwa mwaka 1955 na kupewa jina la Ian Grimwood, ambaye mwaka 1960 alikuwa mkuu wa wahifadhi wanyama hapa Kenya. Na wa nane alikuwa huyu wetu.

Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walisema hao wote ni ndugu, kwa sababu wanafanana. Kisha wataalamu wakapata njia ya kuchunguza chembe za urithi, zile ambazo mtoto hupokea kwa baba na mama. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti juu ya ukoo huu wa ndege wa Afrika. Ikaonekana kwamba ndugu wa karibu wa kucha-ndefu wetu si yule wa Mara, wala yule wa Pangani. Ndugu yake wa karibu ni ndege mwingine mwenye kifua cha manjano, anayeishi katika nyasi za milimani za Afrika Kusini na Lesotho, karibu kilomita 3,000 kutoka hapa. Huyo alikuwa amehesabiwa katika jamii nyingine kabisa, pamoja na wale ndege wadogo wa rangi ya udongo watembeao majanini. Basi orodha kubwa za ndege zimewaweka hao wawili pamoja, peke yao, katika jamii ndogo iitwayo Hemimacronyx. Neno hemi ni nusu. Ni kama kusema, nusu kucha-ndefu. Na wale wa jamii ya kwanza wamebaki 7.

Fundisho ni nini? Ni hili. Mtu aweza kusema, Hata huyu wa Kinangop akipotea si neno, kwa maana wako wengi kama yeye huko Mara. Mtu huyo amedanganywa na rangi. Wale wa Mara hawawezi kushika mahali pake. Na ndugu yake wa kweli, yule wa kusini, naye yuko mashakani. Nyasi zake nyingi zimeliwa na mashamba na misitu ya miti ya kupandwa, naye ameandikwa miongoni mwa viumbe wanaokaribia hatari. Ndugu hawa wawili wamebaki kila mmoja katika mlima wake, na hakuna awezaye kumkimbilia mwenziwe. Huyu wetu ameandikwa katika orodha ya ulimwengu kuwa yu hatarini kutoweka kabisa.

Imekuwaje? Hapa yatupasa kusema kweli, na kuisema kwa huruma.

Kinangop iko kati ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa. Udongo wake mwingi ni mfinyanzi mzito unaoshika maji, na hali ya hewa ni baridi. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa nchi ya nyasi. Wamaasai walilisha humo. Baadaye walowezi wa Kizungu wakaishika. Kisha, katika miaka ya 1960, wakati wa uhuru, mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa jamaa za Kiafrika katika mpango uliojulikana kuwa wa ekari milioni moja. Wengi wenu mnaonisikia ni watoto na wajukuu wa watu hao. Mlisimuliwa habari za vijiji vya hali ya hatari, na za watu waliozaliwa wakafa bila kuwa na mahali pa kuzika. Kwa wazee wale, kipande kile cha ardhi kilikuwa jibu la maombi. Mtu awaye yote asiwadharau kwa kushika jembe.

Lakini baba alikuwa na wana, na wana wakawa na wana. Shamba likagawanywa, likagawanywa tena. Aliyekuwa na malisho ya kutosha amebaki na ekari 2. Viazi huleta fedha kwa miezi michache. Kabeji pia. Nyasi huleta fedha polepole, kwa njia ya maziwa na sufu. Basi trekta likaingia, mashungi yakapinduliwa mizizi juu. Wataalamu waliopima nyanda hizo mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake waliona jambo lililo wazi: palipolimwa, kucha-ndefu hayupo. Palipong'olewa mashungi ili pawe malisho laini, amepungua. Palipobaki nyasi fupi zenye mashungi, yupo, hata kama ng'ombe na kondoo wanalisha hapo kwa kiasi. Na nyasi zilizobaki zimekuwa vipande vipande, kipande hapa na kipande kule, vimezungukwa na mashamba. Ndege asiyeruka mbali hawezi kuvuka hayo yote kutafuta mwenzi.

Liko na jambo la pili, nalo laweza kuwashangaza. Ni miti. Sisi Wakristo wa Kenya tumejifunza kupenda miti, na tumefanya vema. Tangu mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai na akina mama wa Mkanda wa Kijani walitufundisha, na katika Desemba 2022 serikali ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi wa Dundori tunao msitu juu yetu, na palipokuwa na msitu ukakatwa, yatupasa kuurudisha, maana maji yetu yatoka huko. Lakini ndugu zangu, si kila mahali pasipo na mti pamekosa kitu. Mtu aitazamapo nyasi husema, Hapa ni patupu, na tupande mikalitusi. Kumbe hapakuwa patupu. Palikuwa na nyumba ya mtu mdogo. Mikalitusi ikanyonya maji, kivuli kikaua nyasi, na yule wa kiota cha chini akakosa mahali pa kuweka mayai. Huenda mtu alifanya kazi hiyo akiimba na kumsifu Mungu, akidhani anatunza uumbaji wake.

Neno hilo, patupu, ndilo ninalotaka mlifikirie wiki hii. Katika Mwanzo sura ya 1, Mungu aliamuru nchi itoe majani siku ya tatu, kabla hajaumba mnyama wala mtu. Majani hayakuwa nafasi iliyobaki baada ya kazi. Yalikuwa kazi yenyewe.

Sasa namsikia mzee mmoja akiniambia kutoka kitini pake, Mchungaji, maneno yako ni mazuri, lakini mimi nina ekari 2 na watoto wanne. Muhula ujao karo yadaiwa. Je, niwaambie watoto wakae nyumbani kwa sababu ya ndege wa manjano?

Mzee wangu, hapana. Rudi katika mistari ile tuliyoanza nayo. Mungu hakumwambia msafiri aondoke na njaa. Alimwambia, Twaa makinda, mwache mama. Nami sikuambii uache kulima viazi. Nauliza tu kama kila shungi sharti ling'olewe, hata lile lililo katika bonde la matope ambapo viazi huoza kila mwaka wa mvua nyingi. Nauliza kama ukingo wa kijito sharti ulimwe mpaka majini. Mungu huyo huyo aliwaagiza Waisraeli katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, wasivune pembe za mashamba yao, ili maskini na mgeni wapate. Mtu aliyeacha pembe hakufa njaa. Alijifunza kwamba shamba si lake lote.

Tena nyasi si hasara. Ng'ombe wa maziwa na kondoo wa sufu waweza kukaa pamoja na kucha-ndefu, mradi malisho yasizidi na mashungi yasing'olewe. Huko Kinangop wakulima wenyewe waliungana katika chama cha Marafiki wa Nyanda za Kinangop, na huko Njabini watu wakajifunza kusokota sufu ya kondoo na kufuma vitu vya kuuza, ili nyasi zimpatie mwenyewe senti bila kulimwa. Nacho chama cha Nature Kenya kimenunua vipande kadhaa vya nyasi Kinangop vihifadhiwe daima. Vipande hivyo ni vidogo. Havitoshi peke yake, kwa kuwa karibu nchi yote iliyobaki ni ya watu binafsi, yaani ni yako na yangu. Hapa serikali haiwezi kufanya kama ilivyofanya mahali pengine, kuweka ua na askari mlangoni. Kama ndege huyu atakuwapo wakati wa wajukuu wetu, itakuwa ni kwa sababu mkulima mmoja mmoja aliamua kumwacha mama aende zake.

Kwa hiyo nataja mambo machache ambayo mtu aweza kuyafanya bila fedha.

Mwenye malisho yenye mashungi, asiyang'oe yote. Aache sehemu, hasa mahali penye maji. Na asilishe mifugo mingi mpaka nyasi ziishe kabisa.

Atakaye kupanda miti, apande penye nyumba, penye mpaka wa shamba, na pale ambapo msitu ulikuwapo. Asipande katikati ya nyasi za asili. Na kabla ya shule au kikundi cha vijana kuchukua miche kwenda kuipanda, na waulize kwanza, Hapa palikuwa na nini?

Wazazi, wafundisheni watoto wanaochunga kondoo wasivunje mayai katika viota vya chini, wala wasitume mbwa kufukuza makinda. Wasomeeni Kumbukumbu la Torati 22. Mtoto akisikia kwamba Mungu alitaja kiota katika Biblia, hatasahau upesi. Nimeona watoto wa kipaimara wakiisikiliza amri hiyo kwa makini kuliko walivyosikiliza mengi niliyodhani ni makubwa zaidi.

Na jambo la mwisho ni juu yetu sisi wenyewe, watu wa kanisa. Makanisa yetu katika nyanda hizi yana ardhi. Mahali pengine ni ekari nzima, na pengine zaidi. Mara nyingi halmashauri ya kanisa ikikutana, wazee wa kanisa husema, Ploti ile imekaa bure, na tuikodishe ilimwe, au tuipande miti ya kuuza nguzo. Fedha za kanisa ni za lazima, mimi nazijua hesabu. Lakini palipo na nyasi za asili, mtu mmoja na asimame katika mkutano ule aulize kama imekaa bure kweli. Itakuwa aibu tukiwahubiria maskini waache pembe ya shamba, na kanisa lenyewe limelima mpaka mlangoni.

Wapenzi wasikilizaji, Bwana wetu Yesu naye alisema habari za ndege wadogo. Katika Mathayo sura ya 10 twasoma ya kuwa shomoro 2 waliuzwa kwa senti moja. Lakini katika Luka sura ya 12 twasoma ya kuwa 5 waliuzwa kwa senti mbili. Fanya hesabu. Kama 2 ni senti moja, basi 4 ni senti mbili. Yule wa 5 aliongezwa bure, kama mama wa sokoni anavyokuongezea kiazi kimoja juu ya debe. Huyo wa 5 hakuwa na bei. Na Bwana asema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu, naye wa 5 yumo.

Kucha-ndefu wetu ni huyo wa 5. Sokoni hana bei. Haliwi, hauzwi, wala hafugwi. Watalii wachache tu ndio wanaomtafuta. Jina lake halimo katika noti wala katika wimbo. Mtu akimmaliza, hakuna polisi atakayemjia usiku. Kwa sababu hiyo ndege huyu atupima kwa kweli. Ni rahisi kutunza kitu kinachotuletea faida, hata asiyemcha Mungu hufanya hivyo. Lakini kumwachia nafasi yule asiye na bei, kwa sababu tu Mungu hamsahau, hiyo ni kazi ya imani.

Najua pia ya kwamba baadhi yenu mnaosikiliza mnajihesabu kuwa huyo wa 5. Huna kazi, huna shamba, na katika jamaa wewe ni wa kuongezwa tu. Bwana Yesu alisema maneno hayo kwa ajili yako kwanza. Alisema ninyi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini angalia, alianza kwa kuwaheshimu shomoro. Mungu ambaye angeweza kuwasahau wao, angeweza kukusahau na wewe. Kwa kuwa hakuwasahau, basi usiogope.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeamuru nchi itoe majani, ukamfanyia ndege mdogo nyumba katika majani hayo, twakushukuru kwa nchi hii ya juu uliyowapa wazee wetu baada ya taabu nyingi. Wabariki walimao na wachungao. Mwenye ekari mbili umpe chakula cha kutosha, na karo ya watoto wake uifungulie njia. Utupe macho ya kuona kile tulichokiita kitupu. Utufundishe kutwaa bila kumaliza, ili wajukuu wetu nao wapate kiota njiani. Utuombapo hesabu ya nchi hii, tusionekane tumeipoteza kazi ya mikono yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Siku njema, ndugu zangu. Bwana awe nanyi.